Wapishi Wapya au wa Zamani? Uteuzi wa Washiriki katika Mashindano ya Upishi ya Televisheni Yanayofufuliwa

IKISIRI

Makala haya yanachunguza swali linalozuka kila mara shindano la upishi la televisheni linapofufuliwa baada ya kusimama kwa muda: je, waitwe wapishi wapya, au warudishwe wale ambao watazamaji wamekwisha kuwajua? Kwa kutumia dhana za utendaji wa fasihi simulizi, makala yanaonyesha kwamba swali hilo, kama linavyoulizwa kwa kawaida, halikamiliki, kwa sababu linachanganya mtu na nafasi anayoishika. Mifano ya Iron Chef na MasterChef inalinganishwa na desturi za mashindano ya Afrika Mashariki, hasa beni, mipasho na unyago. Mwisho, hoja inapimwa kwa kuangalia mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi, yaani Gendabi, katika Wilaya ya Hanang mkoani Manyara.

1.0 UTANGULIZI

Waswahili wana methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zinaonekana kupingana. Moja husema: Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ya pili husema: Jungu kuu halikosi ukoko. Ya kwanza inatambua mvuto wa kitu kipya hata pale ambapo kitu chenyewe hakina faida kwa anayekipata. Ya pili inatetea hazina iliyomo ndani ya chombo kilichopika siku nyingi. Mtayarishaji wa kipindi cha televisheni anayetaka kufufua shindano la upishi hujikuta katikati ya methali hizi mbili. Akiita wapishi wapya watupu, huenda watazamaji wa zamani wakasema kwamba hiki si kile kipindi walichokipenda. Akirudisha wale wale, huenda ikasemwa kwamba kipindi kimekwisha maneno.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, tena lililo mbali na shughuli za idara ya Kiswahili. Lakini shindano la upishi la televisheni ni utendaji wa maneno kwa kiasi kile kile ambacho ni utendaji wa mikono. Mtazamaji hali chakula kile wala hasikii harufu yake. Anachokipata ni picha, na zaidi ya picha ni maneno: mpishi anavyoeleza afanyalo, msimulizi anavyolitilia chumvi, na waamuzi wanavyoligeuza onjo kuwa lugha. Kwa hiyo kuamua ni nani asimame jikoni ni kuamua pia ni lugha gani, lafudhi gani na msamiati gani wa chakula utakaosikika nchi nzima. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo.

1.1 Kuhusu istilahi

Katika makala haya tunatumia *uteuzi upya* kwa maana ya kitendo cha kuchagua ni nani watakaoshika nafasi za kipindi kinachofufuliwa, wawe wapya au warejeao. *Mrejea* ni mshiriki aliyekwisha kuonekana katika msimu uliotangulia. *Mwingia* ni yule anayeonekana kwa mara ya kwanza. *Kufufua* tunakutumia pale tu ambapo kipindi kilisimama, au kilibadilishwa kwa kiasi ambacho watazamaji walikiona kuwa kimeanza upya. Hatukutumii kwa kila msimu mpya unaofuata mwingine.

2.0 NAFASI NA MTU KATIKA UTENDAJI

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha, ambamo fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati hukutana. Maelezo haya yanatufaa kwa sababu yanatuzuia kumtazama fanani peke yake. Fanani akibadilika, vijenzi vingine vinaweza kubaki. Na fanani akibaki, vingine vinaweza kubadilika mpaka utendaji wenyewe ukawa mwingine.

Kabla yake, mwanazuoni wa Kirusi Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano uliotoka mwaka 1928, alikwisha kuonyesha kwamba katika ngano yanayodumu ni majukumu, na wanaobadilika ni watu wanaoyatimiza. Shujaa anaweza kuwa mwana wa mfalme au mtoto wa mkulima. Jukumu la shujaa linabaki pale pale.

Tukiyaunganisha mawazo haya mawili, tunaweza kusema kwamba shindano la upishi la televisheni lina nafasi nne za msingi: mpishi, mwamuzi, msimulizi na hadhira. Kila nafasi ina kiti chake, na kila kiti kinaweza kukaliwa na mtu mpya au wa zamani. Kwa hiyo swali la mtayarishaji halina majibu mawili tu. Anapaswa kujiuliza ni viti vipi vikaliwe na watu wanaojulikana, ili hadhira ipate pa kushika, na ni viti vipi viachwe wazi ili kipindi kipate uhai mpya. Mifano ifuatayo inaonyesha namna nafasi hizo zilivyogawanywa mahali mbalimbali.

3.0 MIFANO KUTOKA NJE

3.1 Iron Chef

Kipindi cha *Ryōri no Tetsujin*, kinachojulikana zaidi kwa jina la Iron Chef, kilianza kuonyeshwa na Fuji Television ya Japani mwezi Oktoba 1993 na kikamalizika Septemba 1999. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mpishi kutoka nje alikuja kumkabili mmoja wa mabingwa wa nyumbani, walioitwa Wapishi wa Chuma. Kiungo kikuu cha siku kilifunuliwa papo hapo, na wote wawili walipewa saa moja kupika vyakula kadhaa kwa kukitumia. Juu yao alikaa Mwenyekiti, nafasi iliyoigizwa na Takeshi Kaga kwa mavazi na ishara za kifalme.

Ni muhimu kutambua kwamba, hata kabla ya kufufuliwa, kipindi hiki kilikuwa kimekwisha kuzoea uteuzi upya. Katika kiti cha upishi wa Kifaransa, Yutaka Ishinabe alimwachia Hiroyuki Sakai mwaka 1994. Katika kiti cha upishi wa Kijapani, Rokusaburo Michiba alifuatwa na Koumei Nakamura mwaka 1996, naye Nakamura akafuatwa na Masaharu Morimoto mwaka 1998. Kiti cha upishi wa Kiitalia kiliongezwa mwaka 1997 na kukaliwa na Masahiko Kobe. Ni Chen Kenichi peke yake, mpishi wa Kichina, aliyedumu tangu mwanzo hadi mwisho. Hadhira ilijifunza mapema kwamba kiti si mtu.

Kipindi kilipohamia Marekani, jaribio la kwanza la mwaka 2001, lililoitwa Iron Chef USA, lilifanywa kwa watu wapya katika kila kiti, na halikufika mbali. Jaribio la pili, Iron Chef America, lililotanguliwa na vipindi maalumu vya mwaka 2004 na kuanza kama mfululizo mwaka 2005, lilichukua njia nyingine. Morimoto alivuka kutoka Japani na kukaa tena katika kiti cha Mpishi wa Chuma, pamoja na wapishi wa Kimarekani kama vile Mario Batali, Bobby Flay na Cat Cora. Mwenyekiti mpya, Mark Dacascos, alitambulishwa katika hadithi ya kipindi kuwa ni mpwa wa Mwenyekiti wa Kijapani. Uhusiano huo ulikuwa wa kubuni tu, lakini kazi yake kisanaa ilikuwa kubwa. Kwa watu waliozoea simulizi za koo na utawala, si ajabu kwamba mpwa anaweza kurithi kiti cha mjomba. Watayarishaji walilitatua tatizo la mgeni kwa kumpa nasaba.

Japani yenyewe ilikifufua kipindi hiki mwezi Oktoba 2012. Safari hii Mwenyekiti alikuwa mpya (Hiroshi Tamaki), na Wapishi wa Chuma walikuwa wapya: Jun Kurogi, Yosuke Suga na Yuji Wakiya. Ufufuo huo ulidumu miezi michache tu. Hatuwezi kudai kwamba uteuzi ndio sababu pekee, kwa kuwa televisheni hutawaliwa pia na fedha, saa za kuonyeshwa na mashindano ya vituo. Hata hivyo, tofauti na ufufuo wa mwaka 2022 inastahili kuangaliwa. Netflix ilipoleta Iron Chef: Quest for an Iron Legend mwezi Juni mwaka huo, Wapishi wa Chuma watano walikuwa kundi jipya: Curtis Stone, Dominique Crenn, Ming Tsai, Gabriela Cámara, na Marcus Samuelsson mzaliwa wa Ethiopia. Lakini Dacascos alirudi katika kiti cha Mwenyekiti, na Alton Brown, aliyekuwa sauti ya Iron Chef America, alirudi kusimulia akiwa na Kristen Kish. Kwa maneno mengine, mikono ilikuwa mipya, sauti ilikuwa ile ile.

3.2 MasterChef

MasterChef ilianza Uingereza mwaka 1990, ikasimama mwaka 2001, na kufufuliwa mwaka 2005 ikiwa na waamuzi wapya na mwendo mpya. Kutoka hapo utaratibu wake ulienea katika nchi nyingi. Afrika Kusini ilikuwa na misimu mitatu kati ya mwaka 2012 na 2014. Kipindi kikasimama kwa miaka kadhaa, kikarudi mwaka 2022 kikiwa na wapishi wapya na waamuzi wapya watatu. Huko kilichorudi kilikuwa jina na masharti ya shindano.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni wa Australia. Kutoka mwaka 2009 hadi 2019 kipindi cha nchi hiyo kilikuwa na waamuzi wale wale watatu, Gary Mehigan, George Calombaris na Matt Preston. Walipoondoka kwa pamoja, watayarishaji walihitaji kuanza upya. Msimu wa mwaka 2020 ulileta waamuzi wapya, lakini washiriki wote 24 walikuwa warejea kutoka misimu iliyopita, akiwamo Poh Ling Yeow, aliyekuwa mshindi wa pili mwaka 2009. Huu ni mpango uliopinduliwa wa ule wa Netflix: waamuzi, ambao ndio sauti ya kipindi, walikuwa wapya, na mikono ilikuwa ya zamani. Hadhira ilipewa wapishi inaowajua ili iwazoee waamuzi wapya.

Mwaka 2022 kipindi hicho hicho kilijaribu kuchanganya: waingia 12 dhidi ya warejea 12. Aliyeshinda ni Billie McKay, ambaye alikwisha kuwa bingwa mwaka 2015. Matokeo hayo hayapaswi kutushangaza. Mrejea anayajua masharti, anaijua kamera, anajua namna ya kuzungumza huku akikata vitunguu, na amekuwa na miaka kadhaa ya kujiendeleza. Kuwaweka wapya na wa zamani katika kiti kimoja, chini ya masharti yale yale, ni kuwapa wa zamani mbio zilizokwisha kukimbiwa nusu.

3.3 Jambo linalojitokeza

Katika mifano hii tunaona mambo mawili. Kwanza, ufufuo uliopata mizizi ulibakiza angalau kiti kimoja chenye mtu anayejulikana, au ulibuni nasaba iliyomuunganisha mgeni na mwenyeji, au ulisimama juu ya jina na masharti ambayo hadhira ilikwisha kuyazoea. Pili, kuchanganya warejea na waingia katika kiti kimoja cha mpishi huleta ushindani usio sawa, hata kama watazamaji wanaufurahia. Jambo hili la pili ndilo tutakalolifuatilia zaidi, kwa sababu desturi za Afrika Mashariki zina jibu lake.

4.0 DESTURI YA MASHINDANO AFRIKA MASHARIKI

Mashindano ya sanaa mbele ya hadhira inayochagua upande si jambo geni kwetu. Ngoma ya beni, iliyochunguzwa na Ranger (1975), ilishindanisha makundi katika miji ya pwani na kisha bara, na makundi hayo yalikuwa na ngazi za vyeo vilivyoigwa kutoka jeshini na serikalini. Vyeo hivyo vilirithiwa. Aliyekuwa na cheo akiondoka, mwingine alikipokea, na kundi likaendelea kushindana kwa jina lile lile dhidi ya hasimu yule yule. Hapa tena kiti kinadumu na mtu anabadilika.

Mipasho ya miaka ya 1990 inatuonyesha hali nyingine. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, zilishindana kwa taarabu mbele ya mashabiki waliojigawa kama mashabiki wa mpira. Mwimbaji aliyejulikana alipohama kutoka kikundi kimoja kwenda kingine, hadhira haikumwona kuwa mpya wala wa zamani. Alikuja na sifa zake, lakini maneno yake yalisikika kwa maana mpya, kwa kuwa sasa aliimba kutoka upande wa pili. Mrejea katika hali hii hakurudia alichokifanya. Nafasi mpya ilimlazimisha kusema jambo jipya.

Mfano wa tatu, na kwa maoni yetu ulio muhimu zaidi, ni unyago. Katika desturi ya unyago mwari hufundwa na kuchezwa ngoma, kisha hutolewa. Akishatolewa hawezi kurudi kuwa mwari. Lakini haina maana kwamba mlango wa unyago umefungwa kwake. Miaka ikipita, akionekana ana busara na ujuzi, hurudi akiwa somo au kungwi, na kazi yake inakuwa kumsimamia mwari mwingine. Anaimba nyimbo zile zile alizoimbiwa, ila sasa yeye ndiye mwenye kuzitoa. Kwa hiyo desturi hii inamkubali mrejea kwa moyo wote, lakini kwa sharti moja: arudi katika kiti kingine.

Tukilichukua sharti hilo na kulipeleka katika jiko la televisheni, tunapata kanuni iliyo wazi. Mpishi aliyekwisha kushindana arudi, lakini arudi kama kungwi: asimame kando ya mwingia, amfunde masharti na kamera, atafsiri hofu yake, na pengine aketi miongoni mwa waamuzi. Kiti cha mshindani abaki nacho mwingia. Kwa njia hiyo ukoko wa jungu kuu haupotei, na kipya kinapata nafasi bila kuwa kidonda.

5.0 TANZANIA, NA SWALI LA GENDABI

5.1 Mama Shujaa wa Chakula

Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo historia ya mashindano ya televisheni nchini ni fupi. Kipindi kilicholikaribia zaidi suala letu ni Mama Shujaa wa Chakula, shindano lililoanzishwa na Oxfam mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake wazalishaji wa chakula, yaani wakulima, wafugaji na wavuvi wadogo. Mwaka 2012 liliunganishwa na Maisha Plus, kipindi cha vijana kilichoanza mwaka 2009 na kinachokumbukwa pamoja na mtangazaji wake Masoud Kipanya. Akina mama waliingia katika kijiji cha kipindi, wakaishi humo mbele ya kamera, wakaonyesha wanavyozalisha chakula, na watazamaji wakashiriki katika kumchagua mshindi kwa kupiga kura.

Kusema kweli, hili halikuwa shindano la upishi kwa maana ya Iron Chef. Lakini lilikipanua kiti cha mpishi kwa namna ambayo mifano ya nje haikufanya. Lilimtazama mtu wa jikoni kuanzia shambani na zizini, na likamfanya mama wa kijijini kuwa fanani wa kitaifa. Je, shindano la namna hiyo likifufuliwa, nani waketi humo? Rai ya haraka itakuwa kuwaita tena akina mama waliokwisha kujulikana. Wana sifa, wanajua kuzungumza, na hadhira inawakumbuka. Tuipime rai hiyo kwa kuangalia mahali pamoja.

5.2 Gendabi na lugha zake

Gendabi ipo Hanang, chini ya mlima wenye jina hilo ambao kimo chake kinazidi mita 3,400. Nyanda za Mbulu na Hanang ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambamo jamii kubwa za lugha zinakutana katika eneo dogo. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, husema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu na Warangi walio jirani husema lugha za Kibantu. Na upande wa Ziwa Eyasi wako Wahadza, ambao lugha yao ina vidoko na haijathibitishwa kuwa na udugu na nyingine yoyote. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na ofisini. Lakini jikoni, mahali ambapo mama humfundisha binti, lugha inayotawala mara nyingi ni ya nyumbani.

Sasa tufikirie mama wa Kidatooga anayeingia katika shindano. Msimulizi anamtaka aeleze afanyalo. Kiswahili cha upishi kina utajiri mkubwa, lakini utajiri huo umelala upande wa pwani. Tuna *kukuna* nazi na *kuchuja* tui. Tuna *kasimile* kwa tui zito la mwanzo. Tuna *kuunga* mchuzi na *kupalia* wali makaa. Mama huyu hapiki kwa nazi. Chakula anachokijua ni maziwa, samli, nyama, asali, na ugali wa mahindi au mtama. Kibuyu chake cha maziwa kinasafishwa kwa makaa ya mti maalumu, nacho huyapa maziwa ladha na kuyahifadhi. Kiswahili kinaweza kusema kwamba *anafukiza kibuyu*, lakini neno hilo halielezi ni mti gani, kwa muda gani, wala kwa nini mti mwingine haufai. Katika lugha yake mambo hayo yanaweza kuwa wazi. Katika kipindi yanageuka kuwa kimya, na kimya katika televisheni huhesabiwa kuwa udhaifu.

Lipo jambo jingine lenye uzito zaidi. Uchunguzi wa Mitchell (2015) umeeleza kwa kirefu desturi ya wanawake wa Kidatooga walioolewa ya kuepuka majina ya wakwe zao. Hawaepuki jina tu. Huepuka pia maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti, na mahali pake hutumia maneno mengine ya heshima waliyoyarithi. Kwa kuwa majina mengi ya watu hutokana na maneno ya kila siku, neno lolote linaweza kuangukia katika mwiko wa mwanamke fulani na lisiwe mwiko kwa jirani yake. Mtayarishaji mwenye nia njema anaweza kumwambia: "Mama, tutajie kitu hiki kwa lugha yako." Ombi hilo linaweza kumtia katika hali ya kuchagua kati ya kumvunjia heshima mkwewe mbele ya taifa na kuonekana hajui jina la kitu alichokishika. Mtu asiyejua desturi hii ataandika kwamba mshiriki alikuwa mwoga wa kamera.

Kwa mtazamo huu tunaelewa kwa nini rai ya kuwarudisha wanaojulikana ina hatari. Mrejea ni yule ambaye kipindi kilimpenda mara ya kwanza, na kipindi humpenda anayezungumza kwa ufasaha katika lugha ya kipindi. Akirudishwa kushindana, kichujio cha lugha kinatumika mara mbili. Wale waliokwama katika mzunguko wa kwanza kwa sababu ya lafudhi, mwiko au upungufu wa msamiati hawapati tena nafasi, na ujuzi wao wa chakula unabaki nje ya kumbukumbu ya taifa. Hasara hii hainyamazishi mtu mmoja tu. Ni hasara kwa Kiswahili chenyewe, ambacho kingeweza kupata maneno mapya ya maziwa, asali na kibuyu kutoka kwa watu wanaoyajua mambo hayo, kama kilivyokwisha kupata maneno mengi kutoka lugha nyingine.

5.3 Hatari ya kumpa mwingia sura isiyo yake

Hata hivyo, kumwita mwingia peke yake hakutoshi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba na mashamba yakafunikwa. Tangu siku hiyo jina la Gendabi, kwa Watanzania wengi walio mbali, lilisikika kwa mara ya kwanza likiwa jina la msiba.

Televisheni hupenda simulizi fupi. Mpishi kutoka Gendabi akiingia katika shindano, kishawishi cha kumtambulisha kama mwathirika kitakuwa kikubwa. Hapo atakuwa amepewa nafasi ambayo hakuiomba: hadhira itampigia kura kwa huruma, na waamuzi watasita kumkosoa. Chakula chake hakitaonjwa kama chakula. Kwa istilahi za Propp, atakuwa ametolewa katika jukumu la shujaa na kuwekwa katika jukumu la anayeokolewa. Msiba unaweza kutajwa, kwa kuwa ni sehemu ya maisha ya watu. Lakini mwenye kuutaja awe yeye mwenyewe, kwa wakati auchaguao, au auache kabisa.

Hapa kungwi anahitajika tena. Mrejea aliyekwisha kupita mbele ya kamera anajua jinsi mtu anavyogeuzwa simulizi. Akisimama kando ya mwingia, anaweza kumwambia ni maswali gani anayoweza kuyakataa. Na ikiwa kungwi huyo anatoka katika nyanda hizo hizo na anajua Kidatooga au Kiiraqw pamoja na Kiswahili, atafanya kazi ambayo mkalimani wa kawaida haiwezi. Atajua ni neno gani halitajwi na mama fulani, naye atalitaja kwa niaba yake, kwa kuwa mwiko ule si wake. Kimya kitakuwa kimepata msemaji bila mwenye kimya kuvunjiwa heshima.

6.0 HITIMISHO

Tumeona kwamba swali la wapishi wapya au wa zamani linajibika vizuri zaidi likitenganishwa na swali la viti. Iron Chef ya mwaka 2022 ilibadili mikono na kubakiza sauti. MasterChef ya Australia ya mwaka 2020 ilifanya kinyume chake. Na ilipochanganya wote katika kiti kimoja mwaka 2022, bingwa wa zamani ndiye aliyeshinda. Beni imetuonyesha kiti kinachodumu, mipasho imetuonyesha mtu anayepata maana mpya kwa kubadili upande, na unyago umetupa kanuni ya mrejea anayerudi katika nafasi ya kufunda.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayefufua shindano la chakula la televisheni nchini. Kwanza, jina, masharti na sauti ya msimulizi vibakizwe, ili hadhira ipate pa kushika. Pili, kiti cha mshindani kiachiwe waingia, na watafutwe kwa makusudi katika sehemu ambazo Kiswahili ni lugha ya pili. Tatu, warejea warudi wakiwa makungwi, nao wachaguliwe kwa kuzingatia lugha na desturi za wale watakaowasimamia.

Figa moja haliinjiki chungu. Msimulizi anayejulikana, mwingia mwenye ujuzi wake na mrejea aliyekubali kufunda ni mafiga matatu, na likiondolewa lolote kati ya hayo chungu kitainama. Kazi inayobaki kwa wanafunzi wa shahada za juu katika idara zetu ni kuukusanya msamiati wa upishi wa jamii zisizo za pwani, kutoka kwa wapishi wenyewe na kwa kuheshimu miiko yao, ili siku mama wa Gendabi atakapoitwa jikoni mbele ya taifa, Kiswahili kiwe tayari kumpokea.